Kamera na Ruhusa

Kijana wa Kadutu, hapa Bukavu, hujifunza kushika kamera ya video kwa siku mbili tu. Kuomba ruhusa kunamkawiza zaidi. Mimi mwanasheria nilianza na Katiba ya 2006: kifungu cha 23, uhuru wa kutoa maoni, cha 31, heshima kwa maisha ya faragha. Sikufichi, walisinzia. Waliamka tulipotazama kazi yao: mama anamtaja aliyemnyang'anya kiwanja. Uso wameuficha vizuri, lakini sauti yake, kitenge chake, hata mlango wa nyumba yake, vyote wazi.

"Mtaa mzima utamtambua," akasema msichana mmoja.

Wewe ungefanyaje? Wao walimrudia yule mama, wakamwonyesha peke yake. Akakataa. Wakaifuta mbele yake.