HOTUBA JUU YA UTAFITI WA MARADHI YA WATOTO WETU
Iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi ni Kamati Ndogo ya Afya. Mwaka jana mlituagiza tujibu swali moja: je, yafaa watu wetu wa bara ya Kilifi waruhusu watoto wao kuingizwa katika utafiti wa madaktari? Mzee mmoja alisimama akasema kwamba mjukuu wake si panya. Hatukucheka siku ile, wala leo hatukuja kumdharau.

Mzee yule alikuwa na sababu. Wengi wetu twakumbuka wageni waliofika vijijini na mizani na vichupa, wakapima watoto, wakatoa damu, wakaandika, wakaenda zao. Hatukuletewa hata barua moja ya kutuarifu walichokiona. Mahali ambapo jibu halirudi, uvumi hupata makao. Ndipo yakazuka yale maneno ya damu kuuzwa, ambayo nyote mmeyasikia.

Hata hivyo twawaomba mtazame yaliyotendeka Kilifi penyewe. Tangu mwaka 1989 taasisi ya Serikali ya utafiti wa tiba, KEMRI, imefanya kazi katika hospitali ile pamoja na wataalamu kutoka Uingereza, hasa juu ya malaria, kichomi, na degedege ambayo wazee huiita nyuni. Baina ya 1993 na 1995 walijaribu vyandarua vilivyotiwa dawa ya mbu, na vifo vya watoto wachanga na wadogo vikapungua kwa kadiri ya theluthi moja. Chandarua ambacho leo kila mama aliye kliniki hukiona kuwa kitu cha kawaida kilithibitishwa, kwa sehemu, juu ya vitanda vya watu wetu.

Lakini jambo lililotugusa zaidi ni jingine, nasi twaomba subira yenu tulieleze. Mtoto akifika mahututi, mikono baridi, damu haizunguki vema, desturi ya madaktari wa nchi tajiri ni kumtilia maji mengi mshipani kwa haraka. Desturi hiyo ilikubaliwa sana katika nchi hizo. Baina ya 2009 na 2011 Profesa Kathryn Maitland na wenzake waliipima katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura: wengine walipewa maji hayo ya haraka, wengine matibabu yote mengineyo bila hayo. Wengi walidhani maji yataokoa. Kumbe, katika saa 48 za kwanza, waliotiliwa maji walikufa zaidi ya 10 katika kila 100, na wasiotiliwa walikufa kama 7. Kamati ya usalama ilisimamisha utafiti mara moja, Januari 2011.

Mabwana, desturi ile ilizaliwa katika hospitali zenye mashine za kupumulia na wauguzi wa kutosha kando ya kila kitanda. Kama isingalipimwa kwetu, ingaliweza kutumiwa juu ya watoto wetu kwa nia njema, na hakuna ambaye angalijua. Hilo ndilo jibu letu kwa mzee wetu: asiyepimiwa dawa kwake hupimiwa vivyo hivyo, ila bila daftari.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mepesi. Pale ambapo kukawia kungemhatarisha mtoto, mzazi aliombwa kwanza kibali cha mdomo, na maelezo kamili yakafuata mtoto alipotulia. Juu ya jambo hili kamati yetu haikuafikiana. Wengine waliona haikuwezekana vinginevyo. Akina mama wawili miongoni mwetu walisema kwamba mama aliyebeba mtoto anayekata roho hukubali lolote, na kwamba habari hizo zilipasa kufika vijijini kabla ya ugonjwa. Twaona wana haki.

Basi shabaha yetu isiwe kukubali tu au kukataa tu, bali watu wetu wawe ndani ya kazi yenyewe. Tangu mwaka 2000 kaya za eneo lililo karibu na hospitali ya Kilifi huandikwa, vizazi na vifo, na wako wajumbe waliochaguliwa na wanavijiji ili wasemezane na watafiti. Huo ni mwanzo mwema. Lakini kijana wa zahanati ya bara, anayemwona mtoto wa kwanza kuugua, bado hufunzwa kujaza fomu tu. Kuuliza swali lake mwenyewe hafunzwi.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo haya: sehemu ya mfuko wa masomo itengwe kwa ajili ya tabibu au muuguzi mmoja wa kwetu asomee utafiti, na barua iandikwe kwa kila atakayekuja kupima watoto, kumtaka asome matokeo yake barazani, kwa Kigiriama, hata kama matokeo hayo yamemfedhehesha.

Nakala ya barua iko mezani kwa Katibu. Wenye kutaka kuirekebisha wamwone kabla ya chakula, kwa kuwa kura itapigwa alasiri.