Mwili Wako Si Tusi

(Haya ni mazungumzo ya muuguzi mmoja na wanafunzi wa sekondari huko Mgeta, kwenye milima ya Uluguru.)



Nimeombwa nizungumzie matusi redioni. Najua mnajiuliza, muuguzi na matusi wapi na wapi? Ngojeni kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Remmy Ongala na bendi yake, Orchestra Super Matimila, walitoa wimbo "Mambo kwa Soksi". Soksi yenyewe ni kondomu. Ukimwi ulikuwa umeshaingia nchini. Wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Remmy alikuwa anawaambia watu wajikinge. Radio Tanzania Dar es Salaam ikakataa kuupiga, eti una maneno machafu. Redio za watu binafsi zilikuwa bado hazijaanza. Mtu wa mjini aliusikia dansini au kwenye kaseti. Wa kijijini, mwenye redio ya mkulima tu, akaukosa.

Mwaka 2018 BASATA ikafungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Neno Nyegezi, ambalo ni jina la mahali kule Mwanza, lilikuwa limechezewa likaleta maana ya ngono. Ule ulikuwa mzaha, wa Remmy ulikuwa kinga. Mimi sisemi kila kitu kipigwe mbele ya watoto. Nasema tusichanganye mzaha, tusi na jina la mwili, tukavifunika vyote kwa kitambaa kimoja. Kwa sababu bei yake inalipwa kwetu, zahanati.

Nilishampokea kijana wa umri wenu. Alisema, "Dada, tumbo linauma." Akapewa dawa ya maumivu, akarudi bwenini. Asubuhi akaletwa hawezi kutembea. Kumbe tangu jioni ilikuwa korodani imejisokota, damu haifiki. Ugonjwa huo unataka upasuaji haraka, ikiwezekana ndani ya saa 6. Na kutoka huku mlimani hadi Morogoro mjini, barabara mnaijua wenyewe. Alipofika, korodani moja ikabidi itolewe. Nilipomuuliza mbona hakusema, alijibu, "Niliona nitakutukana."

Na ninyi dada zangu, mko wengi mnaosema "tumbo" wakati ni mkojo unaochoma, au uchafu unaotoka ukeni. Ukichelewa, maambukizi yanaweza kupanda hadi kwenye figo au kizazi.

Tusi ni nini basi? Tusi ni neno unalomrushia mwenzako ili umdhalilishe. Uke, uume, korodani, hedhi, kondomu, hayo si matusi. Ni majina tu, kama goti na sikio. Bibi zetu wa Kiluguru walipomfunda mwali ndani, mambo ya mwili hawakuyaonea haya. Walijua kuna mahali pa kuyasema na namna ya kuyasema.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Ukiumwa, taja panapouma, hata kama sauti inatetemeka. Ukiona aibu, andika kwenye karatasi umpe muuguzi. Na mwenzako akitaja jina la mwili darasani, usicheke. Kicheko chako kinaweza kumfunga mdomo siku atakapoumwa kweli.

Haya, nani ana swali? Hakuna neno litakalonishtua.