Ungempa Jirani Kitabu Gani?

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa hapa Nyarugusu, wiki iliyopita tuliwauliza: ukiambiwa umpe jirani kitabu kimoja tu, utampa kipi? Asanteni kwa majibu. Leo nawasomea matatu.

Mwalimu mmoja, mwenyeji wa Uvira, anachagua Kusadikika cha Shaaban Robert. Karama anashtakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Anajitetea mwenyewe barazani, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema ya nchi, na waliporudi wakafungwa. Mwalimu anasema: "Anayesubiri kuitwa kwenye mahojiano akisome. Ataona mtu anavyoeleza jambo lake bila kupayuka."

Mama mmoja hajui kusoma, lakini binti yake humsomea jioni wakichagua maharage. Anapendekeza Shujaa Okonkwo, kitabu cha Chinua Achebe kwa Kiswahili. Okonkwo anafukuzwa kijijini kwao miaka 7, anakimbilia kwa wajomba. Huko anapewa kiwanja cha kujenga na mbegu za viazi vikuu. Mama anasema: "Hapo nilimwambia binti yangu arudie. Siku ya kwanza hapa, nasi kuna mtu alitupa sufuria."

Wa tatu ni kijana wa sekondari. Yeye anasema Peponi cha Abdulrazak Gurnah, kilichotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusufu, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri kwa deni la baba yake. Msafara unavuka ziwa, kwenda upande ule tuliotoka wengi wetu. Gurnah naye aliondoka Zanzibar kijana, akawa mkimbizi Uingereza. Mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobeli. Kijana anasema: "Mwisho wake uliniudhi. Nataka mwenzangu akisome tubishane."

Ndugu zangu, vitabu tulivyo navyo ni vichache, na vingi tuliviacha nyumbani siku ya kukimbia. Kwa hiyo ukiazima, rudisha. Ukiwa nacho, kisikae sandukuni. Na kama husomi, tuambie ulichosomewa.

Kwa wiki ijayo tuletee mambo matatu tu: jina la kitabu, kinahusu nini, na nani akisome. Ila mwisho wa hadithi usituambie!

(Muziki.)