Sahihi ya Fundi

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Iringa)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya ufundi wa ndege. Sitaeleza jinsi ndege inavyoruka. Nitasema juu ya jambo dogo zaidi, yaani sahihi ambayo fundi huitia katika kitabu cha matengenezo.

Wazee wenzangu mnalikumbuka Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililokuwa mali ya Tanzania, Kenya na Uganda mpaka lilipovunjika mwaka 1977. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege yake kubwa ya VC10 ilikuwa ikiondoka Addis Ababa kwenda Ulaya, ikiwa na watu 107. Ilipokuwa ikikimbia ili iruke, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma cha kuwekea jeki, kilichoachwa njiani na ndege ndogo ya Cessna. Tairi likapasuka, ndege ikatikisika, na rubani akaamua kutoruka. Wachunguzi walikuta kwamba alifuata taratibu ipasavyo. Lakini breki hazikushika kwa nguvu zake zote, kwa sababu sehemu yake moja ilikuwa imefungwa vibaya wakati wa matengenezo. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikaporomoka na kuwaka moto. Watu 43 walikufa.

Ndugu zangu, kosa lile halikuzaliwa siku ile. Lilikuwamo tangu breki zilipofungwa, likingoja siku ambayo zingehitajiwa zote.

Ndege ndogo nazo ni hivyo hivyo. Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte, Marekani, ndege ya Beechcraft 1900 ilianguka mara tu baada ya kuruka, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Siku mbili kabla, fundi alikuwa amerekebisha waya wa kuinua na kushusha pua ya ndege, akaruka baadhi ya hatua zilizoandikwa. Mkaguzi aliyekuwa akimfundisha alikubali. Ndege ikafanya safari kadhaa salama, hadi ilipobeba mzigo mzito uliolemea nyuma.

Sisemi haya kama mtu asiye na doa. Mwaka 1984, katika karakana ambayo sitaitaja, nilitia sahihi kwamba nimekagua breki za ndege ndogo ya injini moja. Gurudumu la kushoto nililikagua. La kulia sikulikagua. Jua lilikuwa limezama, tochi imekwisha betri, na mkubwa wangu alinihimiza kwa kuwa abiria walikuwa wasafiri alfajiri. Ndege ikaja hapa Nduli, ikaenda Mbeya, ikarudi. Katika viwanja vya juu kama hivi hewa ni nyepesi, ndege hutua kwa kasi zaidi, na breki hupata kazi kubwa.

Siku ya sita ndege ililetwa tena. Nilipofungua lile gurudumu la kulia nilikuta nati imelegea, haina pini ya kuizuia. Nilikaa chini, miguu haikunibeba. Kisha nilikwenda kwa mkubwa wangu, nikaandika kitabuni kwamba sahihi yangu ya kwanza haikuwa ya kweli. Kwa miezi mitatu sikuruhusiwa kutia sahihi yoyote, na wenzangu walinicheka. Lakini wale abiria walifika kwao. Walifika kwa bahati, si kwa kazi yangu, na jambo hilo halijanitoka moyoni hata leo.

Ninyi wanafunzi, wachache wenu mtakuwa mafundi wa ndege. Lakini wengi mtatia sahihi: kwenye cheti cha dawa, kwenye hesabu za chama cha ushirika, kwenye karatasi ya basi litakaloteremka Kitonga na abiria wamelala. Atakayewahimiza atakuwapo siku zote, na mara nyingi atakuwa mtu mnayemheshimu. Mwambieni kwa adabu, "Mzee, sijaona bado." Halafu chukueni tochi mkaangalie.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo.