Muziki Usiopumzika na Masikio ya Mtoto Wako

  Leo tutaongea juu ya masikio ya watoto wetu na muziki wanaousikia kila siku: ndani ya matatu, sokoni, kwenye sherehe na kwenye simu.

Mama anayetoka Giakanja kumpeleka mtoto kliniki mjini Nyeri huwa na mengi ya kufikiria. Amebeba kitabu cha kliniki, amebeba nepi, amemfunika mtoto baridi isimpate. Ni wachache wanaouliza: spika ya gari hili iko wapi, na kichwa cha mtoto wangu kiko wapi? Tuulize swali hilo leo.

Kwanza tulijue sikio. Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojikunja kama konokono. Humo mna chembe ndogo sana zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio. Chembe hizi ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Mtoto huzaliwa nazo zote. Zikifa kwa sababu ya kelele, hazioti tena. Ngozi ikikwaruzwa hupona, mfupa ukivunjika huunga, lakini chembe hizi hazirudi. Ndiyo maana tunasema kinga ni bora kuliko tiba, kwa maana tiba ya kuzirudisha haipo.

Sasa tuje kwenye muziki wenyewe. Huenda umewahi kusema, "Mbona nyimbo za siku hizi zinachosha hata kama sauti si ya juu sana?" Hujakosea. Fikiria migongo na mabonde ya Tetu. Wimbo wa kawaida uko hivyo: sauti hupanda mlima, kisha hushuka bondeni. Mwimbaji hupaza sauti, kisha huishusha, na gitaa husikika kwa upole. Kule bondeni ndiko sikio linakopata nafasi ya kupumua.

Studioni kuna mashine na programu za kubana sauti. Kazi yake ni kama ya tingatinga: hukata vilele vya milima na kujaza mabonde. Kisha uwanda wote huinuliwa juu mpaka mwisho. Wimbo unaotoka hapo ni mkubwa tangu mwanzo hadi mwisho. Hufanywa hivyo kwa sababu msikilizaji akisikia nyimbo mbili, ile yenye sauti kubwa zaidi mara nyingi humvutia kwanza. Basi kila mtengenezaji hataki wimbo wake uonekane dhaifu. Mashindano haya yalizidi katika miaka ya 1990, wakati wa CD. Mwaka 2008 kundi la Metallica la Marekani lilipotoa albamu ya Death Magnetic, mashabiki wake wenyewe walilalamika kwamba imebanwa kupita kiasi. Vituo vingi vya FM navyo huibana sauti mara nyingine kabla ya kuirusha hewani.

Je, wimbo uliobanwa ni sumu? Hapana. Ukiucheza kwa sauti ya chini hauna neno. Tatizo ni hili: ukiacha kitufe cha sauti palepale, wimbo uliobanwa humwaga sauti nyingi zaidi sikioni kuliko ule wenye mabonde. Tena haumpi mtoto mapumziko. Watafiti wa Ufaransa waliwachezea simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara, muziki uliobanwa na usiobanwa kwa kiwango kimoja cha sauti. Kuna msuli mdogo ndani ya sikio unaokaza sauti inapozidi. Kwa wanyama waliosikia muziki uliobanwa, kinga ya msuli huo ilikawia zaidi kurudia nguvu zake. Huo ni utafiti wa wanyama, si wa watoto, lakini unatufundisha kutopuuza mapumziko.

Hapa tutumie hesabu kidogo. Sauti hupimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu. Zikiwa 78, saa 20. Zikiwa 81, saa 10. Zikifika 90, ambayo ni karibu na kelele ya mashine ya kukata nyasi, mtoto amebakiwa na saa moja na robo tu kwa wiki nzima.

Safari ya Nyeri hadi Nairobi ni zaidi ya saa mbili. Kama muziki wa gari ni desibeli 90, mtoto wako anamaliza fungu lake la wiki kabla hamjafika Thika. Na bado kuna safari ya kurudi.

Utajuaje kama sauti imezidi, na huna kipimo? Tumia mdomo wako. Ikiwa mtu yuko karibu nawe kiasi cha urefu wa mkono, na bado unalazimika kupaza sauti ili akusikie, hiyo imezidi.

Akina mama, fanyeni haya:

Katika matatu, usikae na mtoto karibu na spika. Mwambie makanga kwa upole: "Kijana wangu, punguza muziki kidogo, nimebeba mtoto." Abiria wawili watatu wakisema pamoja, husikilizwa upesi. Sheria nayo iko upande wako. Kanuni za kudhibiti kelele zinakataza kelele za kupita kiasi, na serikali za kaunti zina wajibu wa kuzizuia.

Kwenye harusi, mkutano au mkesha, ondoka mbele ya spika. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayokufikia hupungua hadi karibu robo.

Nyumbani, simu nyingi za siku hizi zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti. Mwambie kijana wako akuonyeshe, mkiweke pamoja. Anayesikiliza kwa vidude vya masikioni avitoe baada ya muda, apumzike. Asilale navyo.

Baada ya kelele nyingi, mpe mtoto utulivu. Zima redio, zima televisheni. Hata redio hii, ndiyo, izime.

Angalia dalili hizi: mtoto anasema masikio yanalia kama kengele au nyenje, anauliza "nini?" kila mara, anaongeza sauti ya televisheni, mwalimu analalamika kuwa hasikilizi. Usimpige ukidhani ni ukaidi. Mtoto mchanga asiyeshtuka kwa sauti kubwa, au asiyegeuka kuitafuta sauti afikapo miezi sita, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Vilevile mwenye usaha sikioni. Usitie mafuta, wala kuchokoa kwa kijiti cha kiberiti. Wahudumu wakiona haja, watakuelekeza hospitali ya rufaa mjini Nyeri.

Mtoto asiyesikia vizuri hukawia kusema, hubaki nyuma darasani, na huitwa mjinga ilhali akili anazo. Mtoto mdogo hawezi kumwambia makanga apunguze sauti. Ni wewe utakayesema kwa niaba yake.

Tukumbuke basi: punguza sauti, sogea mbali, mpe mtoto mapumziko.