Mchina Aliyeuliza Habari za Kulia na Kushoto

Mtu akisimama mbele ya kioo akainua mkono wa kulia, yule wa kiooni huinua wa kushoto. Hata mtoto hulijua jambo hilo. Lakini kwa kulichunguza, wanachuoni wawili wa Kichina walipewa zawadi ya Nobel ya elimu ya fizikia mwaka 1957. Mmoja wao alikuwa Chen Ning Yang.

Yang alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Hefei, Uchina, naye baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu wa chuo kikuu. Wajapani walipoishambulia nchi, jamaa hiyo ilihamia Kunming, upande wa kusini-magharibi, ambako vyuo vikuu vitatu vilivyokimbia vita viliunganishwa kuwa kimoja. Majengo yalikuwa duni na mabomu yalianguka, lakini masomo hayakukoma. Baada ya vita Yang alikwenda Marekani, akapata shahada ya udaktari huko Chicago mwaka 1948. Alikuwa amejaribu kazi ya mitambo, lakini mikono yake haikuizoea; basi akashika kazi ya kufikiri na kupiga hesabu.

Siku zile wataalamu wote waliamini kwamba maumbile hayapendelei kulia wala kushoto: lolote lionekanalo kiooni laweza kutokea vilevile duniani. Mwaka 1956 Yang na mwenzake, Tsung-Dao Lee, walipekua majaribio yote yaliyokwisha kufanywa. Wakaona kwamba kwa ile nguvu dhaifu, ambayo hufanya baadhi ya viini vya atomu vibadilike na kurusha chembe, hakuna hata mtu mmoja aliyeihakikisha sheria hiyo. Iliaminiwa tu.

Bibi Chien-Shiung Wu, Mchina mwenzao, alishika kazi ya kuihakikisha. Yeye na wenziwe walitia madini ya kobalti katika baridi kali mno, wakavipanga viini vyake kwa sumaku. Viini hivyo huzunguka mfano wa pia. Chembe zilitoka nyingi zaidi upande mmoja wa pia, na mzunguko ulipogeuzwa, upande nao uligeuka. Lakini pia iliyosimama mbele ya kioo huonekana ikizunguka kinyume, hali juu yake na chini yake havibadiliki. Basi yaliyoonekana kiooni hayakuwa yale yatokeayo duniani, na sheria ile ikaanguka.

Heshima haikumwondolea Yang huzuni. Bibi Wu hakupewa sehemu ya zawadi ile. Urafiki wa Yang na Lee ulivunjika mwaka 1962, wala haukuungwa tena. Mwaka 1964 Yang alijiandikisha kuwa raia wa Marekani, jambo ambalo baba yake hakumsamehe kabisa moyoni. Mwaka 1971 aliizuru Uchina, na mwaka 2003 akarudi kukaa Beijing na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, mahali alipokulia. Mwaka 2015 aliuacha uraia wa Marekani. Alifariki Beijing tarehe 18 Oktoba, 2025, mwenye umri wa miaka 103.

Yang na Lee hawakuwa na mitambo ya ajabu. Waliuliza tu kama jambo linalokubaliwa na wote limepata kujaribiwa, na jibu likabadili elimu ya dunia nzima.