Kinga, mabidoni tano na mlima wa Fizi
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Uvira)

Niliombwa niseme juu ya usafirishaji wa mazao. Nitasema juu ya siku moja tu.

Wengi wenu mulirudi kwa boti toka Kigoma, tangu HCR ilipoanza kurudisha watu mwaka 2005. Kinga munaijua kuliko mimi. Mimi nilitoka chuo, nikaingia kazi ya shirika, na kwenye karatasi ya mradi nikaandika hivi: kinga moja, mtu mmoja, kilo 100, Baraka mpaka Fizi, nusu siku. Njia ile nilikuwa nimeipita mara mingi, lakini ndani ya gari.

Kiisha nikamuomba mwanachama wenu mmoja nitembee naye. Tulitoka Baraka kungali giza. Alifunga mabidoni tano ya mafuta ya mawese, lita 20 kila moja. Mafuta ni mepesi kidogo kuliko maji, lakini pamoja na mabidoni yenyewe ni karibu kilo 95. Kinga haina pedale wala sheni. Alizitoa, juu hakuna mtu wa kuipanda. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani, ya kuongoza. Ingine imesimama nyuma ya kiti, ya kusukumia. Watu wa Vietnam walifanya vile vile mwaka 1954, walipopeleka chakula na silaha Dien Bien Phu, kinga moja ikibeba kilo 200 na kupita. Hiyo nilifundishwa darasani. Ya Baraka hakuna aliyenifundisha.

Kando ya ziwa ni tambarare, tulipiga stori. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya bahari. Kiisha mlima unaanza, na stori zikaisha. Chini ya mlima, kwenye miti, kuko watoto wanangojea. Mmoja akakuja bila kuitwa, akaweka mikono nyuma ya bidoni, akasukuma. Miaka kumi na mbili, labda. Ilikuwa siku ya masomo. Mimi nilijaribu kusukuma pia. Hatua mia tatu nikakaa kwenye jiwe, mtoto akanicheka. Alisukuma mpaka juu, akapewa chumvi kidogo na franka zisizofika bei ya daftari. Kwenye karatasi yangu huyo mtoto hayuko.

Watu wanafikiri kupanda ndiko kubaya. Hapana, ni kushuka, na kabla ya kufika kuko miteremko pia. Freni ni kipande cha mupira wa gari ambacho anakikanyagia kwenye gurudumu la nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu, unateleza sawa sabuni. Kinga ikaanza kumvuta. Upande mmoja korongo, upande mwingine ukuta wa udongo. Akaigonga kwenye ukuta kusudi. Mguu ukachubuka, bidoni moja ikapasuka. Tulikamata mafuta kwa sufuria yangu ya safari. Ilipatikana lita mbili, pamoja na majani.

Nikamwambia, "Pole, ndugu, hasara yako." Akanijibu, "Mafuta si yangu, monitere. Deni ndilo langu." Tulifika Fizi usiku. Faida ya mabidoni ine haikulipa ile ya tano.

Sasa nimesoma sheria za chama chenu. Sanduku linasaidia kwa msiba, kwa ugonjwa na kwa kuzaa. Mzigo ukianguka, hakuna kitu. Najua sanduku ni dogo, na kuko watakaosema watu watavunja mabidoni kwa uongo. Basi ihitajike shahidi mmoja wa njiani, na chama kilipe nusu tu. Ya pili: wanachama wenye mali waweke bei ya msukumaji mtu mzima ndani ya mapatano, mbele ya safari, isitoke mufukoni mwa mwenye kinga. Akilipiwa, hatakubali mtoto.

Karatasi yangu nimeiandika upya: watu wawili, siku nzima. Wakubwa zangu wameuliza kwa nini bei imepanda. Nimewaalika waje tusukume.